Mlima Uliobaki Mzizi

Anayejenga nyumba Maili Moja, Kibaha, hahangaiki kutafuta mchanga. Ardhi ya Kibaha, na ya jirani zake wa Kisarawe, ni mchanga na mfinyanzi. Shimo la choo huchimbwa kwa jembe na chepe bila kukutana na mwamba. Kinachomgharimu ni kokoto. Kokoto ngumu za zege hutoka mbali, na zinazosifiwa sana ni za Lugoba, ng'ambo ya Chalinze, ambako mwamba unapasuliwa na kusagwa kisha malori yanauleta Kibaha na Dar es Salaam. Kwa nini Lugoba kuna mwamba mgumu na Maili Moja hakuna? Jibu linaanza zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana, na ili kulielewa inabidi kwanza kujua mgongano wa mabara hufanya kazi vipi.

Tuanze na maneno matatu. Ganda la dunia ni tabaka la juu kabisa la mwamba, ambalo ndilo tunaloishi juu yake. Koti ni tabaka nene lililo chini ya ganda. Ni mwamba wenye joto kali, ambao ukikaa chini ya uzito kwa mamilioni ya miaka husogea polepole ijapokuwa haujayeyuka. Bamba ni kipande kikubwa cha ganda pamoja na sehemu ya juu ya koti, ambacho husafiri kama kitu kimoja kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka.

Ganda lenyewe ni la aina mbili. Ganda la bahari ni jembamba, lenye unene wa kilomita 7 hivi, na mwamba wake ni mzito. Ganda la bara huwa na unene wa kilomita 35 hadi 40, na mwamba wake ni mwepesi zaidi: mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 2.8 hivi, ilhali mita moja ya ujazo ya koti ina tani 3.3 hivi. Namba hizi mbili ziwekwe akilini, maana hesabu zote zinazofuata zinasimama juu yake.

Hatua ya kwanza ni bahari kufungwa. Mabamba mawili yakielekeana, na moja likiwa limebeba sakafu ya bahari, sakafu hiyo huinama na kuzama ndani ya koti, kwa kuwa imepoa na ni nzito. Inapozama hupeleka maji chini. Maji hayo hulifanya koti lililo juu yake liyeyuke kwa urahisi, na uji wa mwamba unaotokea hupanda na kujenga safu ya volkano kwenye ukingo wa bara. Milima ya Andes, Amerika ya Kusini, iko katika hatua hii hadi leo.

Hatua ya pili huja bahari inapokwisha. Nyuma ya sakafu iliyozama linafuata bara, nalo halizami kwa urahisi, kwa sababu mwamba wake ni mwepesi kuliko koti. Mabamba yanaendelea kusukumana lakini nafasi imekwisha. Ganda hukunjika, hupasuka kwa mapande makubwa, na mapande hupandana moja juu ya jingine. Upana unapungua na unene unaongezeka. India iligongana na Asia takriban miaka milioni 50 iliyopita, na bado inaisukuma. Chini ya nyanda za juu za Tibet ganda sasa lina unene wa kilomita 70 hivi, karibu mara mbili ya kawaida.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi. Mlima mkubwa haukai juu ya ganda tu. Una sehemu kubwa zaidi iliyozama chini. Ganda huelea juu ya koti kama jahazi majini: likipakiwa shehena hukaa chini zaidi, likipakuliwa huinuka. Ukitaka kuinua nchi kwa kilomita 1, uzito wa kilomita hiyo, ambao ni 2.8, lazima ubebwe na mwamba mwepesi ulioingia mahali pa koti. Kila kilomita ya mwamba huo hubeba tofauti ya 3.3 na 2.8 tu, yaani 0.5. Gawanya 2.8 kwa 0.5, utapata 5.6. Kwa maneno mengine, kila kilomita 1 ya kimo inahitaji kilomita 5 na nusu hivi za kina. Sehemu hiyo ya chini ndiyo wanajiolojia wanayoiita mzizi wa mlima.

Hesabu hiyo inaweza kupimwa kwa Tibet. Nyanda zake ziko kwenye kimo cha kilomita 5 hivi. Mzizi wake basi unapaswa kuwa na kilomita 28. Ongeza ganda la kawaida la kilomita 38 na kimo chenyewe cha kilomita 5, jumla ni kilomita 71. Vipimo vinavyotumia mawimbi ya matetemeko ya ardhi vinatoa jibu lile lile kwa ukaribu.

Hatua ya nne inahusu kinachoupata mwamba uliosukumwa chini. Kwenye kina cha kilomita 35, mgandamizo ni karibu mara 10,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Joto nalo hupanda, kwa kuwa ganda nene lina urani, thori na potasiamu nyingi zaidi, na madini hayo hutoa joto yanapooza. Katika hali hiyo mwamba hubadilika bila kuyeyuka wote: chembe zake hujipanga upya na madini mapya huota ndani yake. Mwamba wa namna hii huitwa mwamba geu. Mfinyanzi wa zamani unaweza kuwa naisi, mwamba wenye michirizi ya rangi nyeupe na nyeusi, na ndani yake zikaota punje nyekundu za ganeti. Jiwe la chokaa huwa marumaru. Mgandamizo na joto vikipanda zaidi, naisi hupoteza maji yake na kuwa granulaiti, mwamba mkavu na mgumu sana.

Madini haya yana faida kubwa kwa mchunguzi. Kila mchanganyiko wa madini hutulia katika kiwango fulani tu cha joto na mgandamizo. Kwa kupima kemia ya ganeti na ya madini yaliyogusana nayo, mtu anaweza kukadiria mwamba ulikuwa kina gani ulipobadilika, hata kama leo umelala juani kando ya barabara.

Sasa turudi Tanzania. Ukiichora ramani ya miamba ya nchi hii kwa kalamu nene, utapata sehemu mbili kuu za kale. Sehemu ya kati na ya kaskazini-magharibi, kutoka Dodoma na Singida hadi Mwanza na Geita kwenye dhahabu, ni Kratoni ya Tanzania. Kratoni ni kiini cha bara kilichotulia; hiki kina zaidi ya miaka milioni 2,500. Mashariki yake, kutoka Pare na Usambara kupita Uluguru hadi Mahenge, kuna ukanda mrefu wa miamba geu. Mwaka 1951 Mwingereza Arthur Holmes aliuita ukanda huo, unaoshuka kutoka Kenya hadi Msumbiji, Mkanda wa Msumbiji. Holmes aliijua nchi hiyo kwa miguu yake: mwaka 1911, akiwa kijana, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Mwaka huo huo zilichapishwa hesabu zake za mwanzo za kupima umri wa mwamba kwa urani na risasi. Baada yake wengine waliufuata mkanda huo kaskazini hadi Sudan na Uarabuni, na kusini, kwa kuyaunganisha mabara kama yalivyokuwa zamani, hadi Madagaska na Antaktika.

Ili kusema mkanda huu ulitokana na mabara kugongana, mambo matatu lazima yathibitishwe: kwamba palikuwa na bahari, kwamba miamba ilifika kina kikubwa, na kwamba hayo yalitokea kwa wakati mmoja unaojulikana.

Ushahidi wa bahari uko wa namna mbili. Kaskazini, Sudan na Uarabuni, vimebaki vipande vya sakafu ya bahari vilivyobanwa katikati ya miamba mingine. Tanzania tuna marumaru na madini ya kinywe. Marumaru ya Uluguru na Mahenge, ambayo ndani yake wachimbaji hupata rubi na spineli, yalikuwa chokaa iliyotuama chini ya maji. Kinywe cha Mahenge ni kaboni, na kwa sehemu kubwa asili yake ni mabaki ya viumbe vidogo vilivyozikwa katika tope. Chokaa na tope havithibitishi bahari kuu, kwani hata bahari ya kina kifupi huviacha. Lakini vikisomwa pamoja na vile vipande vya kaskazini, vinakubaliana. Bahari hiyo iliyotoweka wanajiolojia huiita Bahari ya Msumbiji, na isichanganywe na mlango wa bahari wa leo kati ya Msumbiji na Madagaska, ambao ulitokea mamia ya mamilioni ya miaka baadaye.

Ushahidi wa kina umo katika granulaiti za Pare, Usambara na Uluguru. Madini yake yanaonyesha joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi na mgandamizo unaolingana na kina cha kilomita 33 hadi 38. Huko ndiko ambako kwa kawaida ganda lote la bara huishia. Ikiwa miamba hii ilikuwa kina hicho, na chini yake leo bado kuna ganda la kawaida, basi ganda la wakati ule lilikuwa nene karibu mara mbili.

Ushahidi wa wakati umo katika zirkoni, punje ndogo mno inayopatikana katika miamba mingi. Zirkoni inapoota huipokea urani na kuikataa risasi. Urani huoza polepole na hatimaye huwa risasi: ile ya namba 238 hubaki nusu baada ya miaka bilioni 4.47, na ile ya namba 235 baada ya miaka milioni 704. Kwa hiyo risasi inayokutwa ndani ya punje karibu yote imetokana na kuoza, na kiasi chake kinaeleza umri. Aina hizo mbili za urani hutoa hesabu mbili tofauti zinazokaguana. Mwaka 1994 Sospeter Muhongo, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Nishati na Madini, alichapisha pamoja na mwenzake Lenoir umri wa zirkoni za granulaiti za Tanzania uliopimwa kwa njia hii. Kazi zilizofuata ziliweka kilele cha mabadiliko ya miamba ya Pare, Usambara na Uluguru kati ya miaka milioni 655 na 610 iliyopita. Tanzanaiti ya Mirerani, inayotoka katika mkanda huo huo, inakadiriwa kuwa na miaka milioni 585 hivi.

Hapa mwenye haraka angehitimisha. Lakini yako mambo mawili ya kupima kwanza. La kwanza ni kwamba mkanda huu haukutengenezwa mara moja. Upande wa Iringa, eneo la Isimani, kuna miamba iliyozamishwa na bamba la bahari takriban miaka milioni 2,000 iliyopita. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa duniani wa sakafu ya bahari kuzama chini ya bara. Na kuunganishwa kwa mabara yote ya kusini, Afrika, India, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini, kuwa bara moja kuu la Gondwana, kulikamilika baadaye, katika kipindi cha miaka milioni 550 hadi 500 iliyopita. Basi tunachokiita mgongano ni mfululizo wa migongano, na baadhi ya kingo zake ziliumizwa zaidi ya mara moja.

La pili ni mpangilio wa joto na kina. Katika mgongano wa kawaida tunatarajia mwamba usukumwe chini kwanza, upate joto baadaye, kisha upande. Wanajiolojia kutoka Ujerumani waliozichunguza granulaiti za mashariki ya Tanzania miaka ya 1990 waliona kinyume: miamba ilipata joto mapema, kisha ikapoa huku ikibaki kwenye kina kile kile. Walipendekeza kwamba joto lililetwa na uji wa mwamba uliomiminika chini ya safu ya volkano, yaani katika hatua ya kwanza, kabla bahari haijafungwa kabisa. Wengine huutilia mkazo zaidi mgongano wenyewe. Kinachobishaniwa ni chanzo cha joto. Kina cha miamba hakibishaniwi.

Tukikubali kina, linabaki swali: mwamba wa kilomita 35 chini umefikaje Lugoba na Morogoro? Hapa hesabu ya jahazi inafanya kazi kwa kurudi nyuma. Mvua na mito ikiondoa kilomita 1 ya mwamba juu ya mlima, mzigo unapungua, na mzizi unainuka kwa takriban mita 850. Kimo cha mlima kinapungua kwa mita 150 tu. Ndiyo maana milima mikubwa huchukua muda mrefu kuisha: kila kinachochukuliwa juu hufidiwa kwa sehemu kubwa kutoka chini. Ili kuushusha mlima wa kilomita 5 hadi uwe tambarare, si kilomita 5 za mwamba zinazotakiwa kuondolewa, bali 33. Na mwamba utakaokuwa juani siku hiyo ni ule uliokuwa kilomita 33 chini.

Tazama jinsi namba zinavyokutana. Mlima wa kimo cha Tibet ukiliwa hadi kuisha, unapaswa kufunua miamba ya kilomita 33. Granulaiti za Uluguru zinatoka kilomita 33 hadi 38. Na vipimo vya mawimbi ya matetemeko vinaonyesha kuwa chini ya Tanzania ganda leo lina kilomita 37 hadi 42 hivi, yaani la kawaida. Mzizi wa ziada umekwisha. Hesabu hii imerahisishwa, maana ganda nene pia hutanuka na kupasuka kwa uzito wake, na mipasuko hiyo husaidia kupandisha miamba. Lakini inaonyesha kwamba mambo yanalingana. Granulaiti zenyewe zinaongeza kwamba kazi hiyo ilikuwa ya polepole: zilipoa kwa nyuzi 2 hadi 5 tu katika kila miaka milioni.

Tunajua pia kazi hiyo ilikuwa imekwisha lini. Sehemu za Ngerengere, Rufiji na Tanga zina mashapo ya Karoo, yaani mchanga na tope vilivyotuama katika mabonde kuanzia takriban miaka milioni 300 iliyopita. Kwa kuwa mashapo ya zama hizo yamelala moja kwa moja juu ya naisi iliyochakaa, naisi hiyo lazima ilikuwa imeshafika juani. Milima ya mgongano ilikuwa imetoweka kabla dinosaria wa kwanza hajakanyaga kilima cha Tendaguru, kusini mwa nchi.

Basi Uluguru ya leo, yenye vilele vinavyopita mita 2,600, ni nini? Ni kipande cha mzizi kilichoinuliwa upya. Gondwana ilipoanza kuraruka, mipasuko mirefu iliikata nchi. Mapande mengine yakashuka na kuwa mabonde, mengine yakabaki juu. Madagaska ikaachana na Afrika, bahari ikaingia, na chokaa ya mapango ya Amboni kule Tanga ni mabaki ya bahari hiyo. Mipasuko ikaamka tena katika miaka milioni 30 ya karibuni, na mapande yakainuka zaidi. Milima ya Tao la Mashariki, kutoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ni safu ya mapande hayo. Kilimanjaro haimo katika hesabu hii; yenyewe ni volkano, na haijafikisha miaka milioni 3.

Mapande yalipoinuka, mito ikaanza kazi upya. Madini ya feldispa, yaliyo mengi katika naisi, huoza kwenye mvua na joto na kuwa mfinyanzi; kwarzi haiozi, hubaki mchanga. Mito iliyotangulia Ruvu ya leo ilibeba vyote viwili kuelekea bahari. Vilima vya Pugu, Kisarawe, ni mashapo ya aina hiyo: mwamba wa mchanga uliojaa kaolini, udongo mweupe unaotafutwa na viwanda vya vigae na rangi. Mchanga wa Maili Moja ni wa familia hiyo hiyo. Chini yake mashapo yameshuka kilomita kadhaa, na mwamba mgumu wa mkanda umefunikwa huko, ndiyo sababu hakuna wa kuuchimba kwa ajili ya kokoto. Lugoba uko juu kwa kuwa pande lake halikushuka.

Sasa hukumu inaweza kutolewa. Husemwa mara nyingi kwamba Uluguru na Usambara ni milima ya miaka milioni 600. Usemi huo unachanganya vitu viwili. Miamba ndiyo yenye umri huo. Kimo ni cha juzi kwa kulinganisha. Mgongano wa mabara ulitoa aina ya mwamba: naisi, granulaiti, marumaru, kinywe na vito. Mipasuko ya baadaye ndiyo iliyogawa nani awe juu na nani awe chini. Mito ndiyo iliyosawazisha Pwani. Mtu akitenganisha kazi hizi tatu, mambo mengi ya kawaida yanaeleweka. Anayechimba kisima Kibaha anatafuta maji yaliyokaa kati ya punje za mchanga, na tatizo lake ni chumvi. Anayechimba Lugoba anatafuta ufa katika mwamba, na tatizo lake ni kuukosa. Wa kwanza anachimba katika mashapo yaliyoletwa na mito, wa pili katika mzizi wa mlima, na kila mmoja anahitaji ramani ya miamba kabla ya kulipia mtambo.